Dawa ya Asidi Iuzwe Pamoja na Kikomo Chake

Dawa inayotuliza bila kuponya humrudisha mteja dukani. Inayoponya humwondolea haja ya kurudi. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo huwa hii au ile kutegemea zimeuzwaje. Kidonge kilekile cha omeprazoli chaweza kuwa sehemu ya tiba ya siku 14 inayomaliza vidonda vya tumbo, na chaweza kumezwa mwaka baada ya mwaka na mtu asiyejua anatibu nini. Kwa hiyo usalama wa dawa hizi ni suala la biashara kama ulivyo suala la tiba. Kuwaonya wagonjwa peke yake hakutoshi. Muuzaji naye lazima aweze kupata riziki yake kwa kuuza dawa pamoja na kipimo na kikomo chake.

Historia ya sekta hii inaonyesha jinsi fedha ilivyofuata nafuu kabla ya kufuata uponyaji. Mwaka 1976 kampuni ya SmithKline & French iliingiza sokoni simetidini kwa jina la Tagamet, na miaka kumi baadaye mauzo yake yalikuwa yamefikia dola bilioni 1 kwa mwaka. Zantac ya Glaxo, iliyotoka mwaka 1981, ikaipita na kuwa dawa iliyouzwa kuliko zote duniani. Mwaka 1988 Astra ya Sweden ikaleta omeprazoli, inayobana asidi kwa nguvu zaidi. Zote zilikausha vidonda, ila mgonjwa alipoacha kuzitumia, mara nyingi vidonda vilirudi, na mauzo yakaendelea. Wakati huohuo, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wamebaini kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao ili kuthibitisha, akaugua mchochota wa tumbo. Hata hivyo, ni mwaka 1994 tu ndipo jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipopendekeza antibiotiki kwa wenye vidonda waliokutwa na bakteria huyo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Leo hataza za omeprazoli zimekwisha, viwanda vya India vinaitengeneza kwa wingi, na imefika hadi kwenye maduka madogo ya dawa ya Afrika Mashariki. Unafuu huo wa bei ni neema. Lakini bei ikishuka, faida ya kila kidonge hupungua, na njia nyepesi ya kufidia ni kuuza vingi kwa muda mrefu. Hapo ndipo mpangilio wa mauzo unapoharibu tiba. Kipimo cha choo cha H. pylori humtaka mtu awe ameacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne. Anayeanzishiwa vidonge kabla ya kupimwa anaweza kuambiwa hana bakteria ilhali anao, kisha akaendelea kununua nafuu ya ugonjwa unaotibika. Anayeuziwa nusu ya dozi ya antibiotiki za amoksisilini na klarithromaisini kwa sababu fedha imepungua anaweza kubaki na bakteria, safari hii wenye usugu. Na yule ambaye vidonda vyake vimeletwa na diklofenaki, dawa ya maumivu anayomeza kwa ajili ya mgongo, huweza kuuziwa dawa ya asidi na diklofenaki kwenye kaunta ileile.

Kiungulia cha asidi kupanda kwenye umio ni jambo jingine, kwa kuwa hakina bakteria wa kuua. Kwa kawaida hutibiwa kwa wiki nne hadi nane, kidonge kikimezwa nusu saa hivi kabla ya kula, kisha dozi ikapunguzwa. Asiyeambiwa hayo hunaswa. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 uliwagawa watu 120 wenye afya, wengine wakapewa esomeprazoli, dawa ya jamii ya omeprazoli, kwa wiki nane na wengine vidonge visivyo na dawa. Katika wiki nne zilizofuata, asilimia 44 ya waliotumia dawa walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Mteja anayerudi siku chache baada ya kuacha huenda anasikia asidi iliyoongezeka kwa muda tu. Hata tembe za magnesiamu za kutafuna zina masharti: anayetumia dolutegravir, dawa kuu ya VVU katika ukanda wetu, anapaswa kuimeza saa mbili kabla ya tembe hizo au saa sita baada yake, la sivyo mwili hauifyonzi ipasavyo.

Kuna watakaosema hofu ya kutumia dawa hizi kwa muda mrefu imezidi, na wana hoja. Jaribio la COMPASS, lililofuatilia watu zaidi ya 17,000 kwa takriban miaka mitatu na kuchapishwa mwaka 2019, liliona ongezeko dogo tu la maambukizi ya utumbo kwa waliotumia pantoprazoli, nayo ya jamii hiyohiyo. Wapo pia wanaoihitaji kwa miaka mingi, kama wenye umio uliochubuka vibaya au wazee wanaotumia aspirini kwa ajili ya moyo. Hao muda wao umeamuliwa na tabibu anayejua sababu. Hatari kubwa ya matumizi yasiyo na mwisho ni kuchelewa: dalili hutulia huku kidonda kikivuja damu, au saratani ya umio, iliyo nyingi katika ukanda huu, ikikua. Anayepata choo cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula anahitaji hospitali, wala si karatasi nyingine ya vidonge.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: mtu wa kijijini hana daktari wala kipimo, na kumnyima kidonge ni kumnyima usingizi. Asinyimwe. Tanzania ilianzisha mkoani Ruvuma mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu, uliowafundisha wauzaji wasio wafamasia, kisha ukasambazwa nchini. Mafunzo ya aina hiyo yanaweza kuongezewa maswali ya dalili za hatari, dawa za maumivu na muda wa kuacha, na mifuko ya bima ya afya ilipie kipimo na dozi kamili kwa bei moja. Malipo hayo ya mara moja yatamwezesha muuzaji kupata faida pale mteja anapopona, na kumwambia tarehe ya kuacha hakutampunguzia kipato.