Milimita 115 Ndani ya Sheli

Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Amri hizo zikihifadhiwa kwenye faili huwa skripti. Skripti inayoendesha programu nyingine, ikachukua matokeo yake na kuyapima dhidi ya majibu yanayojulikana kuwa sahihi, bila mtu kukaa akisoma kila mstari, ni jaribio la kiotomatiki. Sehemu kubwa ya jaribio la namna hii ni kulinganisha namba: iliyopatikana ni sawa na iliyotarajiwa, au ni ndogo, au ni kubwa? Kwa kuwa swali hilo hurudiwa mara nyingi, waandishi wa majaribio hulitungia fanksheni saidizi, yaani kipande kifupi cha msimbo chenye jina lake, kinachoitwa kila kinapohitajika.

Uzito wa ulinganisho huo unaonekana wazi kwenye vipimo vya lishe. Mfano ni Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2011 ukame uliikumba Pembe ya Afrika, na mwezi Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Maelfu ya familia zilivuka mpaka, na nyingi zikajenga vibanda pembezoni mwa kambi kwa sababu ndani nafasi ilikuwa imekwisha. Katika hali kama hiyo, njia ya haraka ya kumtambua mtoto aliye hatarini ni utepe wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wake wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki milimita 115 yuko kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa wastani. 125 na zaidi ni kijani. Mpaka wa nyekundu ulikuwa 110 hadi mwaka 2009, WHO na UNICEF walipoupandisha.

Tuseme vipimo vya aina hiyo vimeingizwa kwenye faili, mstari mmoja kwa kila mtoto, na skripti inatakiwa kuzitenga rangi tatu. Kwa anayeandika programu kwa lugha nyingine, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwenye sheli ina mitego, na chanzo chake ni kimoja: kwa sheli, kila kitu ni maandishi mpaka iambiwe vinginevyo. Sheli ya Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, haikuwa hata na hesabu yake yenyewe. Kujumlisha namba mbili kulihitaji programu ya pembeni, `expr`.

Ndiyo maana mtu akiandika `[[ 98 < 115 ]]` kwenye bash, sheli iliyoirithi ile ya Bourne, hupata jibu la hapana. Alama `<` hapo hulinganisha maandishi, herufi kwa herufi, kama kamusi inavyopanga maneno, na 9 huja baada ya 1. Mtoto mwenye milimita 98, ambaye pengine ndiye mgonjwa kuliko wote katika faili hilo, anatolewa kwenye nyekundu. Mabano yakiwa ya aina moja tu, mambo huharibika zaidi: `[ 98 > 115 ]` haiulizi lolote kuhusu ukubwa. Sheli huisoma `>` kuwa agizo la kuelekeza matokeo kwenye faili, ikaunda faili tupu lenye jina 115, kisha ikajibu ndiyo. Alama za namba kwenye sheli ni za maneno mafupi: `-lt` kwa chini ya, `-le` kwa chini ya au sawa, `-gt` kwa zaidi ya, `-ge` kwa zaidi au sawa, `-eq` kwa sawa na `-ne` kwa si sawa.

Alama hizo nazo hukubali namba kamili pekee. Mpimaji aliyeandika 11.4 kwa sentimita badala ya 114 kwa milimita ameipa sheli kitu isichokijua. Amri `[ 11.4 -lt 115 ]` kwenye bash hulalamika kwamba ilitarajia namba kamili, halafu hutoa msimbo wa kutoka, yaani namba ambayo amri huirudisha ikimaliza, wa 2. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kwenye sheli, 0 maana yake ndiyo, 1 maana yake hapana, na zaidi ya 1 maana yake ulinganisho haukufanyika. Lakini `if` haitofautishi 1 na 2. Yote mawili huyapeleka kwenye `else`. Kipimo kisichosomeka huangukia upande ule ule wa mtoto mwenye afya, na lile lalamiko hupita kwenye skrini katikati ya mistari mingine mia.

Kigeu kitupu huleta kosa la upande wa pili. Ndani ya mabano mawili, `[[ "" -lt 115 ]]` hujibu ndiyo, kwa sababu utupu huhesabiwa kuwa sifuri, na mtoto ambaye hakupimwa anaandikwa nyekundu. Humo humo, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane, hivyo 0115 hugeuka 77.

Fanksheni saidizi iliyoandikwa vizuri huanza kwa kukagua, ndipo ilinganishe:

    chini_ya() {
      case $1 in
        ''|*[!0-9]*)
          printf 'si namba kamili: %q\n' "$1" >&2
          return 2 ;;
      esac
      [ "$1" -lt "$2" ]
    }

Mstari wa `case` hukataa utupu na chochote chenye herufi isiyo tarakimu. Nukta, herufi O iliyoandikwa badala ya sifuri, na alama ya kutoa (mkono hauwezi kuwa na kipimo hasi) zote huishia hapo. Anayeiita fanksheni hii anapaswa kuuangalia msimbo wenyewe kwa `case $?`, kila jibu na njia yake, na lile la 2 lipeleke mstari kwenye faili la vipimo vya kurudiwa.

Jaribio la kukanusha linahitaji uangalifu wa pekee. Mtu anayetaka kuhakikisha kwamba 125 haiko chini ya 125 ataandika `! chini_ya 125 125`, na litafaulu kama inavyostahili. Ila `! chini_ya 11.4 115` nalo hufaulu, kwa kuwa alama ya mshangao hugeuza kila msimbo usio 0 kuwa 0, ukiwemo ule wa kosa. Dawa yake ni fanksheni ya pili, `si_chini_ya`, yenye ukaguzi ule ule na `-ge` mwishoni.

Namba za kujaribia nazo huchaguliwa. 100 na 140 hazifichui chochote kwa mtu aliyeandika `-le` mahali pa `-lt`. 114, 115, 124 na 125 humfichua mara moja.

Vipo vipimo visivyoweza kukwepa desimali. Mwongozo wa Sphere wa huduma za dharura unataka klorini inayobaki kwenye maji ya bomba isipungue miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ulinganisho wa namna hiyo hukabidhiwa programu ya pembeni, `awk` au `bc`. `bc` huchapisha 1 kwa ndiyo, kinyume cha msimbo wa sheli, na waliolisahau hilo ni wengi. `awk` nayo ikiulizwa kama 0.1 na 0.2 zikijumlishwa ni sawa na 0.3 hukataa, kwa kuwa desimali hizo hazihifadhiki kikamilifu katika mfumo wa namba wa jozi. Fanksheni ya usawa wa desimali kwa hiyo huuliza kama tofauti ni ndogo kuliko kiasi kilichokubaliwa, tuseme 0.001.

Zana zilizo tayari husaidia kwa kiasi. Katika shUnit2, maktaba ya majaribio ya sheli, `assertEquals` hulinganisha maandishi, kwa hiyo 0.2 na 0.20 kwake ni vitu viwili. Majaribio ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, yana `test_line_count`, ambayo hupokea alama ya kulinganisha, namba na faili. Hesabu ya mistari isipolingana, huonyesha na yaliyomo kwenye faili. Ujumbe wa kushindwa unaotaja thamani iliyopokewa hupunguza saa za kutafuta. Ndiyo kazi ya `%q` katika `chini_ya`: faili lililohifadhiwa kwenye Windows mara nyingi huwa na herufi isiyoonekana mwisho wa kila mstari, na kipimo kinachosomeka 98 kwa macho huchapishwa na bash kama `$'98\r'`.