Tambi za nyama ya kusaga na maziwa: nusu saa, sufuria moja, oda zinaendelea

Leo tuweke pembeni mambo ya picha na maelezo ya bidhaa, tuongelee chakula cha usiku. Ndiyo, chakula. Sisi tunaouza kwa simu, saa moja hadi saa nne usiku ndiyo soko letu. Mteja katoka kazini, kaoga, kakaa, anakuandikia: "Dada, hiyo namba 40 bado ipo?" Na wewe muda huohuo njaa inauma. Wengi tunamalizana nayo kwa chipsi mayai za barabarani, na hela inatoka kwenye mauzo ya siku hiyohiyo.

Hebu piga hesabu. Ukitoa 3,000 kila jioni kwa siku 26 ni 78,000. Mkiwa wawili ni 156,000. Mtu analalamika mtaji haukui, kumbe anaula na kachumbari.

Sasa hii tambi ya maziwa nimeipenda kwa sababu mbili: inaiva ndani ya nusu saa hivi, na muda mwingi inajipikia yenyewe huku wewe unajibu wateja. Halafu inashiba. Ni ile laini, nzito, mchuzi umeshikana na tambi. Watu wakiiona kwenye video za wazungu wanadhani lazima uwe na krimu ya dukani. Huhitaji. Unga wa tambi wenyewe na maziwa vinatosha, ilimradi ujue vinaingia saa ngapi.

Kwa watu watatu: nyama ya kusaga robo kilo, spageti nusu ya paketi ya gramu 500, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya mbili, kitunguu swaumu punje tatu, karoti au hoho ukiwa nayo, maziwa kikombe kimoja cha robo lita, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula, mafuta kidogo, chumvi, pilipili manga au bizari. Maji vikombe vitatu vya robo lita. Kama bucha la karibu halina mashine ya kusaga, omba steki isiyo na mafuta mengi uikatekate mwenyewe kwa kisu kikali mpaka iwe ndogondogo. Inachukua dakika tano na kwa kweli mimi naiona tamu zaidi.

Kabla hujawasha jiko, jaza maji ya moto kwenye chupa ya chai. Ukiwa nayo tayari unaokoa dakika nyingi, hasa kwenye mkaa.

Kaanga kitunguu kilainike. Weka nyama, itawanye kwenye sufuria, halafu iache. Usiikoroge kila sekunde. Nyama ya kusaga inatoa maji kwanza, na maji yakiwepo inachemka tu, haikaangiki. Subiri mpaka yakauke uanze kusikia mlio wa mafuta, hapo geuza, iache tena mpaka iwe ya kahawia. Ladha yote ya chakula hiki iko kwenye hizo dakika nane. Ukiona nyama bado ya kijivu ukaweka nyanya kwa haraka ya kujibu meseji, utakula, lakini utaona kuna kitu kimepungua. Mteja asubiri dakika mbili, hafi.

Na ihakikishe imeiva yote, isibaki nyekundu hata kidogo. Kwenye pande la nyama vijidudu vingi vinakaa juu, moto unavimaliza. Ikishasagwa, vya juu vinachanganyika mpaka ndani.

Ikishakuwa kahawia weka swaumu, karoti, nyanya, chumvi na bizari. Nyanya zikiiva na kusagika, mimina ule unga wa ngano, koroga dakika moja unywe mafuta. Huu unga una kazi: unafanya mchuzi uwe mzito, na unasaidia maziwa yasikatike yakikutana na ukali wa nyanya. Kisha mimina maji ya moto ya chupa, koroga, yakichemka vunja spageti katikati uziingize. Hakikisha zimezama. Funika.

Hapo ndipo unapata muda wa simu, ila kila baada ya dakika mbili koroga, maana spageti zinapenda kugandana chini. Paketi ikisema dakika 8, wewe wa Ihanda hesabu 10 au 12. Huku Mbozi tuko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, siyo 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana ndugu yako wa pwani akikupa muda wake wa kupika, kwako unagoma. Maji yakikauka kabla hazijaiva, ongeza nusu kikombe. Usimwage maji yaliyobaki, ule uzito wake ndiyo krimu yenyewe.

Maziwa yanaingia mwisho, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Yawe yamechemshwa kabla, hasa yale ya kununua kwa mfugaji, na yasiwe ya baridi. Punguza moto kwanza. Kwa mkaa, toa makaa mawili matatu au funika na majivu. Mimina polepole ukikoroga, acha dakika mbili au tatu yapate joto bila kutokota kwa fujo. Yakitokota sana yanakatika, unabaki na vipande vyeupe. Hailewi mtu, ila sura inakuwa mbaya. Epua ikiwa bado na umajimaji kidogo, kwa sababu inaendelea kuwa nzito hata kwenye sahani.

Hilo la kuwa nzito likumbukeni nyie mnaofikiria kuiuza kwa oda. Ikikaa kwenye kontena nusu saa nyuma ya bodaboda kwenda Vwawa au Tunduma, inafika imeshikana kama ugali. Kwa kusafirisha bora nyama ya mchuzi na wali.

Wanaouza nguo: msipikie chumba kimoja na mzigo uliofunguliwa. Harufu ya kitunguu cha kukaanga inang'ang'ania kwenye kitambaa, na mteja akifungua kifurushi akasikia bizari, anaanza kuuliza kama nguo ni mpya kweli. Mzigo ufungeni kwenye mifuko, mlango wazi. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika oda ya mtu.

Kama huna friji, nunua nyama ya jioni hiyo tu. Chakula chenye nyama na maziwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, hata kama usiku wetu huku ni wa baridi. Kikibaki na friji ipo, kesho kiongezee maziwa kidogo au maji, ukipashe mpaka kifuke moshi kote. Spageti zikiisha dukani, tumia Indomie paketi tatu bila ile chumvi yake, maji punguza yawe vikombe viwili, na dakika tatu zinatosha kabla ya maziwa.