Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walijua walichokisema. Mja hupenda kila kijacho kwa kuwa tu hakijazoeleka, akakikumbatia kabla hajakigeuza na kukitazama upande wa pili. Nasi tulioota mvi tuna ugonjwa wa kinyume: kila kilichotangulia twakiita dhahabu, na kila kilichofuata twakiita takataka. Vijana hutusikiliza kwa adabu, kisha wakaangua kicheko tukishawapa kisogo. Leo ninakusudia kuwanyima kicheko hicho, kwa kuyapima mambo mawili matatu bila kuipendelea jana wala kuionea leo.

Tuanze na chakula, maana tumbo halina likizo. Wazee wenzangu hulalama kwamba vijana wameusahau ugali, chakula cha mababu, wakatekwa na chipsi. Haya, mababu gani hao? Mahindi ni mgeni barani humu. Asili yake ni bara la Amerika, na yaaminika kwamba yaliletwa pwani yetu na Wareno, baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Huku bara, mtama na wimbi ndivyo vilivyotawala vyungu hadi enzi ya mkoloni. Chai tunayoinywa kana kwamba tulizaliwa nayo ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Chapati nayo ilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Basi mzee anayemkemea mjukuu kwa sababu ya chipsi, ilhali yeye mwenyewe ana chapati mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili, na amkemee taratibu.

Lakini tofauti ipo. Mahindi yalipofika tuliyapanda, tukayavuna, tukayatia ghalani. Mgeni akageuka mwenyeji. Chakula cha kileo mara nyingine hupita juu ya mashamba yetu bila hata kubisha hodi. Mapema mwaka 2022, mikahawa ya kampuni moja ya kigeni humu nchini iliishiwa na chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka ng'ambo ilichelewa. Lo! Viazi visubiriwe kutoka ughaibuni, na Nyandarua ingalipo? Na zile mboga zetu, mnavu, kunde, sagaa na mrenda, tulizibeza miaka mingi tukiziita chakula cha maskini. Leo zimefungwa vizuri kwenye maduka makubwa, na bei yake yamtoa jasho yule yule aliyezibeza. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliziorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema kwa ulimwengu. Ulimwengu umetusifu kwa kitu ambacho wengi wa watoto wetu hawawezi kukitaja kwa jina.

Gari nalo lina maneno yake. Matatu ilipata jina lake kutokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi wa umma, na tangu hapo raia akapata cha kupanda, utaratibu ukapata cha kukimbia. Februari 2004, Waziri John Michuki alijaribu kuurejesha utaratibu huo kwa mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Siku hizi ziko matatu zilizopambwa kwa michoro na taa kama bwana harusi, na muziki wake wautikisa moyo kifuani. Abiria hushuka akiwa amefika mwili. Masikio yake humfuata baadaye.

Hayo tutayavumilia. Linalonikera ni jingine. Mwaka 2022 jiji la Nairobi lilifunguliwa barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Gari hutoa ada, likapaa juu ya msongamano, likateremka upande wa pili na kujiunga na msongamano mwingine. Mwenye miguu hana mlango humo, wala sidai apewe. Nauliza tu: huku chini aliachiwa nini? Kila mwaka, tangu 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Hao waliuawa na kasi ya gari wasilolipanda. Wengine walikuwa wamevaa sare za shule.

Nisije nikaambiwa kwamba sioni jema katika mapya, nitaisifu simu. Zamani, mwana wa mjini alipotaka kumpelekea mamaye fedha, alizitia katika bahasha akamkabidhi dereva wa basi, kisha akafunga saumu hadi barua ya shukrani irudi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, mama wa kijijini hupokea haki yake kabla uji haujapoa. Huo ni upya wenye utu, kwa kuwa umemfikia aliye mbali kabisa. Simu hiyo hiyo ina vituko vyake. Zamani mzee alilazimika kukohoa mara mbili ndipo vichwa viinamishwe kwa sala ya chakula. Siku hizi vimeinama tangu watu walipoketi, na sala bado haijaanza.

Basi walimu wenzangu na wanafunzi wapendwa, sishauri tuurudie mtama kwa shuruti wala tuyauze magari. Nashauri kila kipya kiulizwe swali moja kabla hakijapigiwa vigelegele: je, yule asiyeweza kukinunua atafaidika nacho, au atakilipia gharama? Somo hilo halihitaji kitabu kipya. Mwanafunzi na amwulize nyanya yake majina ya mboga tano na namna zinavyopikwa, ayaandike daftarini. Kisha darasa zima litoke na mwalimu, litembee kutoka langoni hadi barabara kuu, lihesabu ni mahali pangapi mtoto anaweza kuvuka salama. Hesabu hiyo ipelekwe kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi, ikiwa na sahihi za wanafunzi wote. Wenye magari wana watu wengi wa kuwasemea. Mtoto aendaye shule kwa miguu anamtazamia mwalimu wake.