"Mahame" na "Hakimiliki": Maneno Mawili ya Ardhi katika Njombe

Neno "mahame" latokana na kitenzi hama, nalo lataja mahali palipokaliwa na watu, kisha wakapaacha. Katika madai ya ardhi kwa mila neno hili ni zaidi ya msamiati. Adaiye shamba huonyesha kaburi la babu, miti iliyopandwa na mahame ya ukoo, na majirani hushuhudia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, yataka uthibitisho wa namna nyingine: ukaaji wa amani, wa wazi, usiokatizwa, kwa muda usiopungua miaka 12, ikihesabiwa pia miaka ya wale waliomrithisha mdai. Kamati ya kijiji huhakiki mipaka, na Halmashauri ya Kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila. (Viwanja vya mjini Makambako vyafuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka uo huo.) Huko Marekani, chini ya sheria ya 1862, mlowezi alithibitisha ekari 160 kwa kukaa miaka 5, kulima, na kuleta mashahidi 2, baada ya hapo ardhi ikawa mali yake kabisa.

Hapa ndipo neno "hakimiliki" lipotezapo watu. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais aliye mdhamini wake. Kiingereza cha sheria husema tu haki ya kukalia, hali Kiswahili kimechagua neno lenye miliki ndani yake. Neno laahidi zaidi ya sheria.

Nayo mahame yana shida yake. Njombe, iliyokuwa katika Mkoa wa Iringa hadi 2012, haikuepuka Operesheni Vijiji. Kifungu cha 15 chathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini tangu 1 Januari 1970 hadi 31 Desemba 1977, na kwa jumla chafuta haki za kimila zilizotangulia juu ya ardhi hiyo. Basi mjukuu aelekezaye kidole kwenye kaburi asema kweli kwa lugha ya mila, wala asidanganye. Lakini kama shamba lile aligawiwa mwingine katika miaka hiyo, kaburi hilo pekee halimrudishii shamba. Mbele ya kamati, mahame yathibitisha kwamba watu walikaa, na jina lenyewe lakiri kwamba walihama.