Kipitiaji cha Rasilimali za Vifaa katika Kiini cha Linux: Ubunifu, Ufanisi na Suala la Istilahi

Ikisiri
Makala hii inafafanua namna kipitiaji cha rasilimali za vifaa vya PCI kilivyobuniwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Inadai kwamba ufanisi wa zana hiyo hautokani na kuharakisha kitanzi, bali na kuweka ujuzi wa mipaka mahali pamoja. Dai hilo linatumiwa kupima istilahi mbili, kirudiaji na kipitiaji, na kuonyesha kwa nini ya pili inafaa zaidi.

1.0 Utangulizi
Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imeelemea majina ya vitu: kompyuta au tarakilishi, barua pepe au baruameme. Majina ya michakato iliyo ndani ya programu hayajapata uzito huo, ingawa ndiyo yanayoamua iwapo mwanafunzi ataelewa kinachotendeka au atakariri tu. Mfano mmoja wa kina unaweza kufaa kuliko orodha ndefu ya maneno.

2.0 Rasilimali za kifaa
Katika PCI, kiwango kilichochapishwa mwaka 1992, kifaa hueleza mahitaji yake kupitia rejista za anwani msingi. Kifaa cha kawaida kina rejista sita. Daraja lina mbili. Kila rejista huomba eneo la kumbukumbu au la milango ya ingizo na towe. Ili kujua ukubwa wa eneo la kumbukumbu, kiini huandika 1 katika biti zote za rejista kisha husoma jibu. Kwa rejista ya biti 32, jibu likiwa 0xFFFFF000 baada ya kuondoa biti za maelezo, eneo hilo lina baiti 4,096. Rejista ya biti 64 huchukua nafasi mbili, hivyo nafasi inayoifuata hubaki tupu.

Linux huhifadhi matokeo hayo katika safu moja kwa kila kifaa: nafasi sita za rejista, moja ya kumbukumbu ya kusomwa tu, na nne za madirisha ya daraja. Jumla ni 11. Kiini kikijengwa kwa kuwezesha kifaa kimoja kugawanywa kuwa vifaa pepe kadhaa, nafasi sita huongezwa kabla ya zile za daraja na jumla huwa 17. Kwa hiyo dirisha la kwanza la daraja huhama kutoka nafasi ya 7 hadi ya 13, kwa kuhesabu kuanzia sifuri.

3.0 Tatizo la mipaka iliyotawanyika
Kabla ya kuwapo kipitiaji cha pamoja, kila mwandishi wa msimbo alijiandikia kitanzi chake. Wengine walikomea kwenye rejista sita, wengine walijumuisha kumbukumbu ya kusomwa tu, na wengine walipita safu nzima. Baadhi ya tofauti hizo zilikusudiwa. Hata hivyo, msomaji wa msimbo hakuwa na njia rahisi ya kutenganisha kusudio na kosa, na mpangilio wa safu ulipobadilika ilibidi kila kitanzi kikaguliwe upya.

4.0 Ubunifu wa kipitiaji
Mwaka 2023 kiini kilipokea makro iitwayo pci_dev_for_each_resource. Mtumiaji hutaja kifaa na kielekezi cha rasilimali. Nambari ya nafasi ni hiari. Hiari hiyo iliwezeshwa na uamuzi wa mwaka 2022, katika toleo la 5.18, wa kuhamia kiwango cha C11 cha lugha ya C, kwa kuwa sasa kigeu kinaweza kutangazwa ndani ya kichwa cha kitanzi na kisionekane nje yake. Makro hupanuliwa kabla ya msimbo kutafsiriwa na kompaila. Hivyo haiongezi gharama ya kuita kitendakazi.

Mpangilio wa hatua nao una uzito. Kitanzi kinachokokotoa anwani kabla ya kupima mpaka humaliza kazi kikiwa na kielekezi kilichovuka mwisho wa safu. Aliyekosa alichokuwa akikitafuta hubaki na anwani inayoonekana halali, kumbe haipaswi kusomwa. Kupima mpaka kwanza huondoa hatari hiyo.

Upande wa njia kuu inayounganisha vifaa, hali ni ngumu zaidi. Rasilimali zake ziko katika safu ya nafasi nne, kisha katika orodha mnyororo. Nafasi ya safu inaweza kuwa tupu. Kwa hiyo utupu peke yake hauwezi kuwa ishara ya mwisho, na mtumiaji sharti aruke nafasi tupu mwenyewe. Tena, kila kipengele cha orodha hutafutwa kuanzia mwanzo: kuvifikia vipengele 10 huhitaji hatua 55. Gharama hiyo huvumilika kwa sababu orodha huwa fupi, na mtumiaji hapati haja ya kujua kwamba hifadhi ni za aina mbili.

5.0 Kirudiaji au kipitiaji?
Kurudia ni kutenda jambo lilelile tena. Istilahi kirudiaji, inayofuata maana ya asili ya Kilatini, huelekeza fikra kwenye kitanzi, na mwanafunzi huuliza mara moja: kinarudia mara ngapi? Hilo ndilo swali ambalo zana hii imebuniwa kumwondolea.

Kitenzi pitia, kilichoundwa kutokana na pita kwa kiambishi cha kutendea, hudai yambwa: hupitiwa mashamba, hupitiwa hesabu, hupitiwa nyumba moja baada ya nyingine. Kipitiaji basi hudokeza kuwapo kwa vitu, mfuatano wake na mwisho wake. Neno kurudia libaki kueleza kazi ya kitanzi chenyewe.

6.0 Hitimisho
Kipitiaji hiki hakikufanya mashine iwe na kasi zaidi. Kiliwapunguzia watu mahali pa kukosea, kwa kuuweka mpaka chini ya ulinzi mmoja. Kwa watunga sera, funzo ni kwamba istilahi ya mchakato isipitishwe kwa kulinganisha kamusi pekee. Vyombo kama BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vinaweza kutaka kila pendekezo liambatane na maelezo mafupi ya Kiswahili ya utendaji wenyewe, yaliyosomwa na mwanaisimu pamoja na mwandishi wa programu. Neno likishindwa kubeba maelezo hayo, litamshinda pia mwanafunzi.