Uinjilisti na Huduma: Kipi Kitangulie? (Sehemu ya Pili)

Katika Agano Jipya lote, mtu mmoja tu ndiye anayeitwa mwinjilisti huku jina lake likitajwa, naye ni Filipo, katika Matendo ya Mitume 21:8. Kazi hiyo haikuwa ya kwanza kwake. Sura ya 6 ya kitabu hichohicho inamweka miongoni mwa wale saba waliochaguliwa Yerusalemu kusimamia chakula, baada ya Wayahudi wa Kiyunani kunung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume walijivua kazi ya mezani wapate nafasi ya sala na neno. Lakini hazikupita sura mbili, Stefano, mmoja wa wale saba, akawa ameuawa kwa ajili ya mahubiri yake, na Filipo akawa Samaria anamhubiri Kristo. Wanaosema mahubiri ndiyo ya kwanza huitegemea sura ya 6. Wanaotetea huduma za jamii huitegemea hiyohiyo. Pande zote mbili husahau kwamba mgawanyo ule haukudumu hata kwa waliogawiwa.

Afrika Mashariki wamisionari wa mwanzo hawakupata nafasi ya kuchagua. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto mchanga mwaka huohuo, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, na alama yake kubwa ilibaki katika lugha: kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza mwaka 1868 walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, chenye mashamba na karakana. Bara nako, aliyetaka ubatizo alikaa kwanza darasani. Buganda Wakristo waliitwa wasomaji, na Wakikuyu pia walikuwa na jina lao lenye maana hiyohiyo. Kwa lugha za wenyeji, kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja. Aliyevitenganisha alikuja baadaye, naye alikuja na fedha.

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vyake. Mwaka 1928, mjini Dar es Salaam, Arthur Hinsley, mjumbe aliyetumwa na Papa kukagua misheni katika makoloni ya Uingereza, aliwaagiza wamisionari kwamba wasipoweza kufanya yote mawili, basi wayaache makanisa ili wazikamilishe shule. Haikuwa kauli ya mtu asiyejali imani. Alihofia kwamba wasipozishika shule, wengine watazishika na watoto pamoja nazo. Hata hivyo mzigo wa agizo hilo ulimwangukia mwalimu wa kijijini, yule aliyekuwa akifundisha herufi asubuhi na katekisimu jioni. Mwenye cheti alihamia upande wa ruzuku, na asiye nacho akabaki na kengele ya kanisa.

Kwa Waprotestanti, jibu kali lilitoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Inafaa kukumbukwa kwamba Gahini palikuwa na hospitali ya misheni, na Joe Church, mmoja wa waliouongoza Uamsho wa Afrika Mashariki, alikuwa daktari wa hapo. Mwenzake Blasio Kigozi alikuwa mwalimu. Hawakuilaani dawa wala chaki; walilolaumu ni kanisa lenye majengo mengi na toba chache. Moto huo ulivuka Uganda, ukafika Tanganyika na Kenya, ukienezwa zaidi na walei kuliko makasisi.

Jaribio jingine lililetwa na sheria. Mwaka 1969 Tanzania ilipitisha Sheria ya Elimu, na shule nyingi za makanisa zikawa za serikali. Wapo waliolia, wapo pia waliosema kimyakimya kwamba padri au mchungaji sasa atarudi altareni. Miaka michache baadaye ubishi huo ulichukua sura ya kimataifa. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki aliomba wamisionari na fedha za nje visitishwe kwa muda, makanisa ya Afrika yajitambue. Mwaka 1974, huko Uswisi, Agano la Lausanne, tamko la kongamano la Waprotestanti wa kiinjili, lilikiri katika ibara ya 5 kosa la kuutenganisha uinjilisti na haki za jamii, kisha katika ibara ya 6 likaupa uinjilisti nafasi ya kwanza. Ibara hizo mbili hazijapatana vizuri hadi leo. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa Desemba 1975, alichukua njia nyingine: aliupanua uinjilishaji wenyewe hata ukaukumbatia ukombozi wa mwanadamu, bila kuupunguza ukawa siasa tupu.

Mwaka 1992 serikali ya Tanzania na makanisa walitia sahihi hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na shule na hospitali za kanisa zikaimarika tena. Hospitali Teule, yaani hospitali ya kanisa iliyoteuliwa na serikali kuhudumia wilaya, ina bodi, mkaguzi wa hesabu na mishahara. Kwa upande wa uinjilisti, katika usharika wa Kilutheri mwinjilisti huongoza mtaa mwaka mzima, huzika na kufundisha kipaimara, na mchungaji hupita kwa ubatizo na Chakula cha Bwana. Katika kigango cha Kikatoliki katekista hufanya vivyo hivyo, mara nyingi kwa posho ndogo au kwa kujitolea. Matamko ya makongamano yanaweza kusema uinjilisti ni wa kwanza. Bajeti ya dayosisi, ikisomwa mstari kwa mstari, huonyesha umewekwa wa ngapi.