Mafuta ya Jua Yakimwasha Mtoto

 

Leo tuzungumze juu ya mafuta ya kukinga jua. Wengi wetu tumezaliwa na ngozi nyeusi, na weusi huo ni mwavuli. Ndani ya ngozi kuna rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua isiharibu ngozi. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa bila rangi hiyo, au anayo kidogo sana. Jua lile lile linalotukaushia mahindi linamwunguza yeye. Kwanza ngozi huwa nyekundu. Kisha hutoka malengelenge. Baada ya miaka huja madoa, magamba, na vidonda visivyopona. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Hapa Afrika saratani hiyo huwaua watu wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana. Na madhara yake huanza mapema, tangu mtoto anapobebwa mgongoni kwenda shambani bila kofia.

Ualbino hauambukizi. Baba na mama wote wawili huwa wamebeba mbegu yake, hata kama ngozi zao ni nyeusi tii. Basi baba, usimlaumu mkeo. Na tuache lile neno la zamani la "zeruzeru". Ni tusi.

Bibi mmoja alikuja zahanati yetu na mjukuu wake wa miaka 3 mwenye ualbino. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamevimba na kuwasha. Bibi akasema, "Mwanangu, dawa hii imemkataa. Nimeitupa." Nikamwuliza, "Bibi, tangu uitupe, mtoto anakwenda juani na nini?" Akajibu, "Na Mungu tu." Nilipoangalia shingo ya mtoto nikaona imeungua, imeanza kubabuka. Mafuta yale yalikuwa na manukato mengi, ukifungua kifuniko chumba kizima kinanukia. Tuliyabadilisha, wekundu ukaisha, na leo mtoto anapaka bila taabu.

Ndiyo maana naandika. Mafuta yakimwasha mtoto, badilisha mafuta. Usiache kinga.

NGOZI INAYOUNGUA NA NGOZI INAYOWASHA

Wako watoto wenye pumu ya ngozi. Wengine huita ukurutu. Ngozi ya mtoto huyu ni kavu, ina mabaka, inawasha usiku na mchana, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mtoto mchanga hutoka mashavuni. Mtoto huyu akiwa na ngozi nyeusi, haja yake ya kwanza si mafuta ya jua. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara 2 au zaidi kwa siku, na mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Mvalishe kofia, mweke kivulini, maana joto na jasho humzidishia muwasho. Usitumie fedha za chumvi na sabuni kununua tyubu asiyoihitaji.

Lakini mafuta ya mgando hayakingi jua. Mafuta ya nazi hayatoshi, ya mawese hayatoshi, ya alizeti hayatoshi. Mtoto mwenye ualbino aliyepakwa mafuta hayo huungua vile vile, ila anaungua huku anang'aa.

Sasa, yuko mtoto mwenye ualbino ambaye pia ana pumu ya ngozi, au ngozi yake hukasirika upesi. Huyu anahitaji vyote viwili. Kwanza mpake mafuta ya kulainisha, ngoja yaingie vizuri, ndipo upake ya jua juu yake. Kwa huyu ndipo kuchagua kunakuwa kazi.

SOMA TYUBU KABLA YA KULIPA

Tyubu nyingi zimeandikwa Kiingereza. Usiogope. Wewe unajua herufi, na herufi za Kiingereza ni hizi hizi zetu. Chukua karatasi, andika maneno nitakayokutajia, nenda nayo dukani, ufananishe.

Tafuta herufi tatu SPF. Mbele yake kuna namba. Iwe 30 au zaidi. Namba 15 huzuia kama sehemu 93 katika kila sehemu 100 za mionzi inayounguza. Namba 30 huzuia kama 97. Namba 50 huzuia kama 98. Kwa mtoto mwenye ualbino, 50 ni nzuri zaidi ukiipata, maana watu wengi hupaka mafuta kidogo mno na kinga hupungua. Lakini usiuze kuku kwa ajili ya namba 100. Tofauti yake ni ndogo. Tafuta pia herufi UVA. Hizo ni dalili kwamba mafuta yanakinga mionzi mingine inayopenya ndani zaidi.

Kisha geuza tyubu nyuma, soma orodha ya vitu vilivyomo. Ukiona ZINC OXIDE au TITANIUM DIOXIDE, umefika pazuri. Hayo ni madini yaliyosagwa laini sana. Hukaa juu ya ngozi na kuizuia mionzi. Hayawashi upesi kama dawa nyingine za kukinga jua. Huacha weupe usoni, watoto wenzake wanaweza kumcheka. Mwambie mwalimu awaeleze.

Ukiona PARFUM, PERFUME au FRAGRANCE, rudisha tyubu. Hayo ni manukato, na manukato ndiyo huwasha watoto wengi. Lakini soma neno linalofuata! FRAGRANCE FREE maana yake hayana manukato, hayo ndiyo unayoyataka.

Kuna jambo jingine la hatari. Baadhi ya maduka huuza mafuta ya kung'arisha ngozi, mtu akakuambia "haya ni ya jua". Ukiona WHITENING, LIGHTENING, HYDROQUINONE, MERCURY, CLOBETASOL au BETAMETHASONE, weka chini. Mercury ni zebaki, ni sumu, huharibu figo. Clobetasol na betamethasone ni dawa ambazo mganga anaweza kukuandikia kwa siku chache. Ukimpaka mtoto kila siku bila kuagizwa, ngozi yake inakuwa nyembamba kama karatasi ya kusokotea sigara.

Mwisho tafuta EXP. Tarehe iliyoandikwa hapo ikipita, usinunue, hata kama ameshusha bei.

Kabla ya kununua, uliza kwanza zahanati, au viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino katika wilaya yako. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilianzisha utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Yamekuwa yakigawiwa bure kupitia kliniki za ngozi. Uliza kama yanafika kwenu.

JARIBU KWANZA

Usipake tyubu mpya uso mzima siku ya kwanza. Paka tone kama punje ya haragwe upande wa ndani wa mkono wa mtoto, karibu na kiwiko. Fanya hivyo siku 3 mfululizo. Pakiwa pekundu, pakivimba au pakiwasha, mafuta hayo si yake. Pakiwa salama, anza kutumia.

Usipake juu ya kidonda, wala mahali panapotoa maji. Funika kwa nguo na umlete zahanati. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipakwe mafuta ya jua. Yeye kinga yake ni kivuli na nguo. Hata akiwa mgongoni, khanga imfunike mikono na miguu, na kichwa kiwe na kofia.

Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Weka matone matone, kisha tandaza taratibu bila kusugua kwa nguvu. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, migongo ya mikono na juu ya nyayo. Masikio husahauliwa sana. Macho yaache. Rudia kila baada ya saa 2, na kila anapotoka majini au akitokwa na jasho jingi.

Hapo utasema tyubu itakwisha kwa wiki moja. Ni kweli, ndiyo maana nguo ndiyo kinga ya kwanza na mafuta hupakwa mahali nguo isipofika. Shati la mikono mirefu la mtumba ni rahisi kuliko tyubu, na halimwashi. Linyooshe juu uelekee jua. Ukiona mwanga unapita sana, tafuta zito zaidi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo haifuniki masikio wala shingo.

Jua ni kali sana kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kama huna saa, angalia kivuli cha mtoto. Kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, aingie ndani au chini ya mwembe. Mawingu yasikudanganye, mionzi hupita. Na ninyi mnaoishi milimani, ubaridi usiwadanganye. Huko juu mionzi ni mikali zaidi.

Tyubu usiiweke dirishani wala chini ya bati la moto, dawa huharibika. Iweke karibu na mtungi wa maji, penye ubaridi. Andika juu yake kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Na ukiona kidonda au doa lisilopona kwa wiki 4, lete mtoto zahanati wiki hiyo hiyo. Usisubiri mavuno.